Mwanamke Aliyeanguka kwa Niaba ya Malkia

Filamu hiyo uliiona, usijitie hamnazo. Ulilipa kiingilio, ukakaa kiti cha katikati, na malkia wa wanyonya damu alipojitupa kutoka ghorofa ya nne ukapiga ukelele pamoja na wenzako. Kisha joho jeusi lilipofika sakafuni ukasikia mlio. Ulijua ni mlio wa nini. Hakuna fundi sauti anayeweza kuutengeneza mlio ule kwa kuvunja karoti mezani. Ukamgeukia jirani yako ukamuuliza ni saa ngapi. Na majina yalipoanza kupanda kwenye skrini, wewe ulikuwa umeshasimama unapapasa kutafuta mlango.

Basi kaa kitako uambiwe.

Mwanamke aliyelivaa joho lile aliitwa Mama Anguko. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyelihitaji. Kazi yake ilikuwa kuanguka. Nyota wa filamu anatembea mpaka ukingoni mwa paa, kamera inazimwa, Nyota anashushwa polepole, anapewa kiti na maji, halafu Mama Anguko anapanda na nguo zile zile na nywele zile zile, anaanguka kwa niaba yake. Alishaanguka kwenye ngazi, kwenye madaraja na kwenye migongo ya farasi. Alishaanguka akiwa bibi harusi, akiwa mfungwa, na mara mbili akiwa mwanamume mwenye ndevu.

"Ndevu zinawasha," alisema, "ila zinakinga kidevu."

Na usidhani alikuwa akijionea huruma. Alitembea kifua mbele. Alisema waziwazi, hata mbele ya Nyota, kwamba hakuna Nyota aliyewahi kuwa mzuri kuliko zile sekunde mbili ambazo yeye Mama Anguko alikuwa Nyota.

Jumanne ile saa mbili asubuhi, katika kiwanda cha zamani cha kusokota nyuzi ambacho kampuni ilikikodi, Mama Anguko na Shemeji walikuwa wakitandaza godoro. Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mume wake. Kwa kuwa Mama Anguko alimwita hivyo, kiwanda kizima kilimwita hivyo, hata watu ambao hakuwahi kuoa kwao. Godoro lilikuwa la turubai, kubwa kama chumba cha kulala, lenye viraka kumi na vinne, na lilijazwa hewa na feni iliyokuwa ikinguruma pembeni bila kupumzika. Madirisha yote yalikuwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi ili mchana uonekane usiku.

Walikuwa na utaratibu wao. Shemeji analala katikati ya godoro na kujiviringisha mara tatu. Anainuka, anaweka kiganja mbele ya feni kuhakikisha inapuliza. Ndipo anapiga mluzi mmoja mrefu. Aliye juu akiusikia mluzi, anaruka. Asipousikia haruki, hata mwenye kampuni apige magoti. Utaratibu huo haukutoka ofisini. Ulitoka kwenye mazishi matatu, na watu wa kiwandani waliweza kukutajia waliozikwa bila kufikiri: yule fundi wa ngazi aliyekuwa akicheka kwa pua, yule dada wa sarakasi aliyeacha pacha wake, na mume wa Mama Anguko mwenyewe. Tangu mluzi uanze, miaka kumi na tisa, hakuna aliyezikwa.

Muongozaji alikuwa mgeni katika kazi hiyo na alipenda mambo ya kweli. Alitaka kunasa sauti halisi ya joho likipasua hewa.

"Huo mluzi utaniharibia," alisema. "Kuanzia leo kimya ndiyo ruhusa. Kukiwa na tatizo, pigeni kelele."

"Bosi," Shemeji akasema, "na kelele si itaharibu sauti vilevile?"

"Ndiyo maana hakutakuwa na tatizo."

Walioajiriwa kucheka wakacheka. Mama Anguko alikuwa ameshafika juu, ghorofa ya nne, joho begani. Angeweza kushuka. Wenzake wengi wanakubaliana kwamba alianza kugeuka. Lakini chini kule kijana wa kubeba makaratasi alimnong'oneza mwenzake, "Bibi kaogopa," na neno hilo likapanda ghorofa nne bila ngazi. Mama Anguko akageuka tena, akauelekea ukingo.

Kilichofuata ni kitu kidogo. Mashine ya upepo, ile ya kupeperusha joho, ilichomekwa kwenye waya uleule wa feni ya godoro. Ilipowashwa, feni ikazimika. Godoro likaanza kunywea taratibu. Shemeji akapiga kelele. Akapiga tena, mishipa ya shingo imemtoka, lakini mashine ya upepo iliimeza kelele yote, na huko juu hakikufika kitu chochote isipokuwa kimya. Mama Anguko akaruka.

Alifariki saa tano kasoro dakika nne. Nesi wa kampuni, ambaye vifaa vyake vilikuwa plasta na mkasi, alimshika mkono, akamshika shingo, akaandika kwenye daftari: amefariki. Nyota alilia kwa uchungu wa kweli, ikabidi apakwe upya wanja. Muongozaji aliuliza kama kamera imenasa. Ilikuwa imenasa, na sauti pia, ila joho lilikuwa limeziba mikono ya malkia.

"Tungepata moja tena ingekuwa vizuri," alisema.

Mama Anguko aliyasikia hayo pale chini. Akakaa, akajikung'uta vumbi, akarudisha goti lake upande unaostahili.

"Kosa la nani?" akauliza. "Langu au la joho?"

"La joho."

"Basi lipigwe pini." Akapanda ngazi.

Nesi alilikata lile neno daftarini. Alipompima tena, akakuta moyo bado umenyamaza, akaliandika upya pembeni.

Baada ya chakula cha mchana chonge zake zilikuwa zimerefuka kiasi cha kugusa mdomo wa chini. Mshona nguo akafurahi, kwa sababu zile za plastiki alizoandaa kwa ajili ya malkia zilikuwa haziishi kudondoka. Matatizo yalikuwa kwa Mpambaji.

"Dada, kaa vizuri nikuone."

"Nimekaa."

"Kwenye kioo hupo."

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita bila uso," Mama Anguko akasema. "Wewe paka tu."

Mpambaji akampaka kwa kupapasa, na watu waliosimama pale walisema hajawahi kupakwa vizuri hivyo.

Jumatano asubuhi nguvu zilianza kumwishia. Hakuzunguka mbuyu. Aliingia kantini, akasimama karibu na birika la chai, akawaambia wenzake anachohitaji: matone saba ya damu kwa siku, ya binadamu, yawe ya moto. Wakatazamana kidogo, kama watu wanavyotazamana mwenzao anapoomba nauli. Shemeji akawa wa kwanza. Akajichoma kidole kwa pini ya mshona nguo na kuyadondosha kwenye kijiko. Kesho yake akatoa fundi taa, kisha dereva wa lori, kisha mpishi wa kantini, ambaye aliomba radhi kwamba damu yake ina vitunguu. Iliandikwa zamu ikabandikwa ukutani. Kutoka ofisini hakuja mtu. Kulikuja karatasi yenye muhuri, ikiomba kijiko kirudishwe kantini kila kinapomaliza kutumika.

Katika hadithi ya filamu, malkia wa kwanza anamaliza kijiji kizima kabla jua halijachomoza. Hapo ndipo wanyonya damu wote wa dunia walipoanzia. Mama Anguko alisomewa ukurasa huo akatikisa kichwa.

"Aliyeandika hapa hajawahi kulala njaa," alisema. "Sisi tungekuwa tunakula hivi, kampuni ingebaki na nani?"

Mifupa yake iliyovunjika ilijiunga yenyewe, mikubwa kwa dakika, midogo kabla hajamaliza kufunga viatu. Jua lilikuwa jambo jingine. Alhamisi alivuka uwanja kwenda chooni bila mwavuli, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikageuka majivu kama sigara iliyosahauliwa. Alihesabu moja mpaka nne, kikawa kimekwisha. Akayasukuma majivu pembeni kwa kiatu ili asiyakanyage mtu. Kidole hicho hakikurudi. Tangu siku hiyo akawa hatoki bila mwavuli na glavu za kufulia.

Ijumaa Mtayarishaji, mwenye kampuni, alikuja mwenyewe na tabasamu la sikio hadi sikio. Kujaza godoro kulikuwa kunakula nusu saa kila mara.

"Mama yangu," akasema, "hivi wewe godoro la nini?"

Hapa ndipo Mama Anguko alipokosea, na wenzake wanaompenda hawalifichi hilo. Kiwanda kizima kilikuwa kinamtazama. Alikuwa amekufa siku tatu na alikuwa hajawahi kuwa hodari kiasi kile.

"Likunjeni," akasema.

"Shemeji, usiseme hivyo," Shemeji akamwambia chinichini. "Leo ni wewe. Na kesho?"

"Kesho nitakuwa mimi tena. Kwani nitakwisha lini?"

Likakunjwa. Akaanguka mara tisa bila godoro, na lolote utakalosikia, yale yalikuwa maanguko bora kuliko yote yaliyowahi kupigwa picha. Alipigana na wawindaji saba juu ya mihimili ya chuma, akiruka kutoka mmoja hadi mwingine joho likimfuata kama mawazo mabaya, akawaangusha sita kwenye nyavu zao za kudakia, wa saba akashuka naye wamekumbatiana, yeye chini, mwindaji juu, na mwindaji hakuchubuka hata kiwiko. Alipita kwenye dirisha la kioo kwa mgongo. Aliteremka ngazi sabini na mbili kwa ubavu, na kwenye ngazi ya mwisho akainuka na taji likiwa bado kichwani. Watu waliacha kazi zao kuja kutazama. Wabeba taa, watu wagumu, walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mpishi alitoka na mwiko mkononi. Mama Anguko akainama mara moja tu, kwa wenzake, si kwa kamera.

Filamu ikatoka. Ukaiona. Katika orodha ya majina, kama ungengoja, ungekuta mbwa aliyebweka mara mbili, na kampuni iliyoleta maji ya kunywa. Nyota aliwaambia waandishi wa habari kwamba maanguko yote aliyafanya mwenyewe kwa maombi na mazoezi. Mama Anguko akaenda ofisini na mwavuli wake. Karani akafungua daftari la nesi.

"Orodha ni ya wafanyakazi, mama. Wewe kwa karatasi hii umefariki Jumanne, saa tano kasoro dakika nne."

"Na yale yaliyofuata kaanguka nani?"

"Marehemu hana mkataba."

"Haya," akasema. "Lakini mlio ule ni wangu. Huo hamuwezi kuuandikia jina la mtu." Akaondoka kichwa juu. Angeishi hivyo, kama kuishi ndilo neno, miaka mingi, akiwa na matone yake saba na jina lake mdomoni mwa wenzake.

Ila ana binti.

Binti ana miaka ishirini na miwili na anaitwa Kipepeo, kwa namna anavyotua. Mama yake alimfundisha kuanguka tangu akiwa na miaka tisa, kutoka juu ya kabati la jikoni. Kampuni imeanza filamu ya pili. Safari hii ni ya vichekesho, kuhusu msafisha madirisha anayempenda mwanamke wa ghorofa ya nne, na vichekesho vinataka mwanga. Shemeji ndiye aliyeleta ratiba nyumbani, akaiweka juu ya meza ya jikoni, mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya Mama Anguko. Iliandikwa hivi: Alhamisi, saa sita mchana, nje. Anguko, Kipepeo. Godoro, halihitajiki.

"Umesaini?" Mama Anguko akauliza.

"Nimesaini."

"Umesoma?"

"Nimesoma, Mama. Usinikazie macho." Kipepeo alikuwa anamenya viazi na hakuacha. "Nikikataa wataniambia nini? Mama yangu karuka mara tisa bila kitu, mimi nataka nitandikiwe kitanda?"

"Mimi nilikufa."

"Ukaamka."

"Sijui kwa nini niliamka. Sina hakika kama ni kitu cha kurithi."

Kipepeo akaosha kisu. "Basi ning'ate."

Shemeji akatazama dari. Mama Anguko akavitia viazi sufuriani, akaiweka motoni.

"Wangefurahi sana," akasema. "Wangeleta na wengine, watu kumi kila mwaka, wang'atwe mlangoni kabla ya kusaini. Sikukuzaa uwe chombo chao kisichovunjika. Nilikuzaa uvunjike, ndipo watu wawe waangalifu na wewe."

Asubuhi yake alikwenda na Shemeji kumwona Mtayarishaji. Ofisi ilikuwa na kiti kimoja cha wageni na picha kubwa ya malkia ukutani, imekatwa mahali ambapo joho linaanza kuruka.

"Godoro liko wapi?" akauliza.

Mtayarishaji akaelekeza dirishani kwa kalamu. Kule uwanjani godoro lilikuwa limekatwa vipande viwili vya kufunikia magari. Viraka vilionekana hata kwa mbali.

"Mama yangu, wewe si ndiye uliyetufundisha kwamba inawezekana?"

"Kwa maiti."

"Sisi tunaangalia takwimu." Alikuwa mpole, hilo lazima lisemwe. Akammiminia na chai, ingawa alijua hanywi. "Maanguko tisa bila godoro, majeruhi hakuna. Anguko moja na godoro, amekufa mtu. Ukiisoma vizuri, godoro ndilo linaloua."

"Basi turudishieni mluzi," Shemeji akasema.

"Mluzi wa nini, na godoro halipo?"

Wakashuka ngazi. Kivulini, kabla ya kufungua mwavuli, Shemeji alimuuliza kwa nini hakumng'ata.

"Yule?" Mama Anguko akasema. "Halafu asife?"

Hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alisimama nje ya jengo lenye dirisha la ghorofa ya nne litakalotumika Alhamisi, akapiga hatua kutoka ukutani, akaweka alama kwa kisigino pale ambapo mtu wa uzito wa Kipepeo, anayesukuma kwa mguu wa kulia kama alivyofundishwa, atafikia chini. Akavua glavu, akatoa kiganja nje ya kivuli cha mwavuli, akahesabu, akakirudisha. Mikono mizima, kwa makadirio yake, itageuka majivu akihesabu mpaka ishirini, kwa kuwa mikono yake ni minene, imeanguka sana. Anguko lenyewe ni mbili. Akawaambia kampuni kwamba Alhamisi saa sita atasimama pale chini bila mwavuli, amdake mwanawe.

Kampuni haikukataa. Ratiba mpya ilitoka na mstari mmoja umeongezwa: Marehemu, chini ya dirisha. Moshi usiingie kwenye picha.

Wenzake wamelipokea. Mpishi amesema atampa matone kumi na manne badala ya saba. Mshona nguo anamshonea mikono mirefu ya kitambaa cheusi, ingawa wote wanajua kitambaa hakisaidii sana saa sita. Kipepeo anafanya mazoezi ya kutua mgongo kwanza, apate kudakika. Mama Anguko amenyoosha mikono jikoni na kumpima urefu, kama alivyompima alipozaliwa, na amesema kwa majivuno kwamba katika kazi hii hajawahi kutokea mdakaji kama atakavyokuwa yeye.

Sasa sikiliza hesabu ambayo haijaandikwa kwenye ratiba. Muongozaji ni yuleyule. Hajawahi kutosheka na moja. Hupiga tatu, akiwa na furaha hupiga nne. Mikono ya Mama Anguko inatosha anguko moja.

Leo ni Jumatano. Shemeji ameshafukuzwa langoni, jina lake linajulikana, na wabeba taa wenye watoto shuleni wamewekewa walinzi wawili kila mmoja. Wewe hawakujui. Lango liko upande wa barabara kuu, lina rangi ya kijani, linafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na lori la kamera haliwezi kupita pakiwa na watu arobaini waliokaa chini. Waliokubali kukaa mpaka sasa ni thelathini na mmoja. Usisubiri ipigwe picha ndipo useme ulihuzunika. Usimuulize mtu ni saa ngapi. Mgongee jirani yako, mwambie avae viatu, na wewe vaa, ondokeni.